Sauti Ndani ya Friza

Siku Akidor aliomba sweta, duka lote lilicheka mpaka mzee mmoja akamwaga chai.

Ilikuwa saa sita mchana, Kakuma, lile jua la kufanya mbuzi zipange laini kwa kivuli ya ukuta. Akidor alikuwa anauza barafu kwa duka ya Hoodo, mama Msomali ambaye mtaa wote ulimwita Mama Khadar kwa jina la kijana wake. Kazi yenyewe ni kufungua friza, kutoa barafu ama soda ama maziwa ya ngamia, kufunga chap chap kabla baridi itoroke. Watu walikuwa wanamwonea wivu. Nani mwingine Kakuma anashinda akishika barafu?

"Mama Khadar, uko na sweta?"

"Sweta ya nini?"

"Nasikia baridi."

"Abaayo, dada yangu, Kakuma hii?" Hoodo alishika kiuno. "Hata shetani hapa anatembea na feni. Ni friza inakudanganya. Toa mkono huko."

Lakini Akidor hakuwa amefungua friza tangu asubuhi.

Hiyo baridi haikutoka kwa hewa. Ilikuwa ndani, kwa mifupa, kama mtu amemwaga maji ya usiku kwa mgongo yake na hayakauki. Wiki ikapita, miezi ikapita. Nywele zikaanza kubaki kwa leso. Uso ukafura asubuhi, mtu anamuuliza kama amelia. Usingizi ukamkalia kama gunia, anasinzia amesimama, mteja anagonga meza na soda. Halafu shanga.

Akidor alizaliwa Longech, kule kwa ziwa, na shanga zake alizivaa tangu akiwa msichana, safu juu ya safu, kutoka kwa mabega mpaka chini ya kidevu. Mwanamke wa Kiturkana hazitoi ovyo. Analala nazo, anaoga nazo. Siku ameachia shingo iko wazi, watu wanauliza nani amekufa. Zamani akitembea zilikuwa zinacheza. Sasa zilikuwa zimetulia, zimekaza, kama kuna mtu amesimama nyuma yake amezishika na mkono mmoja, anangoja.

Na sauti. Hiyo ndio ilimuuma kuliko yote. Akidor akiita "Barafuuu!" hapo mlangoni, ilikuwa inasikika mpaka stage ya lori. Kwa ngoma yeye ndio alikuwa anaanzisha wimbo. Polepole ikakwaruza, ikashuka, ikawa sauti ya mzee wa tumbaku. Watoto wa mtaa wakampa jina, Babu Barafu. Alicheka nao. Akifika kwa nyumba, alilia bila sauti, kwa sababu hata ya kulia haikuwepo.

Alienda kwa daktari wa kwanza, akaambiwa malaria. Wakapima, malaria hakuna, wakampa dawa ya malaria. Wa pili akamwangalia uso akasema, "Wewe ni mja mzito." Wakapima, mtoto hakuna. Daktari akakasirika ni kama Akidor ndio amemficha.

Kuanzia hapo mambo ikageuka.

Hoodo alikuwa akienda kuswali adhuhuri anarudisha mlango nusu, anazima jenereta ipumzike. Akidor alibaki peke yake ndani ya duka na friza, na ile kimya ya mchana ambayo hata nzi zinaisikia. Siku hiyo alikuwa amejifunika blanketi, jasho hakuna hata tone. Akasikia harufu. Haikuwa ya maziwa. Ilikuwa ile spiriti ya hospitali, ile unapakwa kwa mkono kabla ya sindano.

Halafu kitu ikamsalimia.

"Akidor. Ejoka?"

Ilitoka ndani ya friza. Na ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ile ya zamani, safi, ile ya kuanzisha wimbo.

Sasa, Mturkana hawezi acha salamu ikae hewani. Mtu akikwambia ejoka, mdomo unajibu kabla kichwa ifikirie, hata kama ni adui yako. Akidor alijibu.

"Ejok nooi."

Shanga zikakaza, tik, mara moja.

"Nani amekusikiza leo?" sauti ikauliza, pole, kama dada.

Akidor alivuta blanketi. Meno yalikuwa yanagongana.

"Hakuna," ikajijibu. "Lakini mimi nasikia. Mimi nasikia kila kitu."

Hoodo aliporudi alimpata amebana kona, macho kwa friza.

"Mama Khadar, hii friza ulitoa wapi?"

"Ilikuwa ya kliniki moja kule kambi ya wakimbizi. Walifunga, wakauza vitu. Kwani imeharibika?"

"Inaongea."

Hoodo alisoma bismillahi chini ya pumzi, akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Hakucheka tena. "Kesho lori yetu inaenda Lodwar," akasema. "Utapanda. Hospitali ya huko ni kubwa."

Lodwar, Akidor alipanga laini tangu asubuhi. Daktari aliitwa Kipkemboi, mtu mrefu, amechoka, anaandika kwa faili kabla mgonjwa akae. Akidor alikuwa amepanga maneno yake kichwani: baridi, nywele, usingizi, sauti, shanga. Akafungua mdomo.

"Niko sawa tu, daktari," mdomo ukasema.

Sauti safi. Tamu. Ile ya friza.

Akidor alishtuka, akajaribu tena, akasukuma ile kukwaruza yake ipande, lakini ile nyingine ilikuwa mbele yake kwa koo, imekalia mlango. "Ni baridi kidogo, daktari. Itaisha."

Kipkemboi alicheka bila kuinua kichwa. "Baridi? Lodwar? Dada, wewe ushukuru Mungu, sisi tunaiva hapa. Ni stress. Pumzika, kunywa maji mingi." Akaandika neno moja la Kizungu, akaita mwingine.

Akidor alirudi Kakuma. Kesho yake adhuhuri, Hoodo alipoenda kuswali na jenereta ikazimwa, sauti haikungoja.

"Umeona? Nilikwambia nini?"

Akidor alikuwa amechoka, si ya kulala, ile ya mtu amebisha mlango mwaka mzima. Akasimama bila kuamua kusimama, akafungua kifuniko, na ile baridi ya friza ikampiga usoni na cha ajabu haikuwa baridi, ilikuwa vuguvugu, ilikuwa kama kurudi nyumbani, na sauti yake ilikuwa hapo chini ya barafu na soda ikiimba ule wimbo alikuwa anaanzisha kwa ngoma, ikimwita ingia, ingia ukae huku, huku hakuna kupanga laini, huku hakuna mtu atakwambia huna kitu, huku ukisema naumwa unaaminiwa, na Akidor akaweka mguu mmoja ndani, akaweka wa pili, akasukuma mapakiti ya maziwa na goti, akalala juu ya barafu na mikono kwa kifua vile mtu anawekwa kaburini, na kifuniko, ambacho hakuna mtu alikuwa amekishika, kikaanza kushuka.

"We! We, toka huko!"

Mkono ulimshika nywele, ukamvuta. Alikuwa Nyandeng, mama wa Sudan anayeuza juisi kwa kambi, mteja wa barafu wa kila siku. Alimburuta Akidor mpaka sakafuni, wakaanguka wote wawili. Nyandeng alimshika shavu, akamshika mkono, akashika mguu.

"Wewe ni baridi kama samaki," akasema. Halafu akauliza kitu ambayo hakuna mtu alikuwa ameuliza. "Hii ilianza lini?"

Akidor alitaka kusema niko sawa. Ilikuwa hapo kwa ulimi, tamu, tayari. Akauma ulimi mpaka damu.

"Kitambo," akasema na ile sauti mbaya, ya kukwaruza, yake. Na akaanza kulia.

Nyandeng alifungua kitambaa chake cha shingo. Hapo chini kulikuwa na kovu nyembamba, imezunguka kutoka upande hadi upande.

"Mimi nilikuwa nasikia baridi Kakuma miaka mbili," akasema. "Wakaniambia ni vita imeingia kichwa. Kumbe ni hapa." Akagusa kovu. "Kuna kitu inakaa kwa shingo, inapikia mwili moto. Ikigonjeka, moto inazima. Walikata yangu, sasa kila asubuhi nakula dawa. Binti yangu, toa hizo shanga nione."

"Hakuna mtu amekufa."

"Najua hakuna."

"Mwanamke hawezi toa shanga kama hakuna mtu amekufa."

"Basi sikiza." Nyandeng alishusha sauti, akaangalia friza kando ya jicho. "Utazitoa wewe, ama watazitoa wengine siku wanakuosha. Chagua."

Akidor hakuchagua siku hiyo. Lakini hakulala, na usiku kucha aliweka kidole chini ya shanga, na kidole hakikupita.

Lori ikawapeleka wote wawili Lodwar. Nje ya chumba cha daktari wamama wa Kiturkana walikuwa wamekaa chini na watoto wao. Kipkemboi aliinua jicho moja.

"Wewe tena? Leo ni nini?"

"Niko sawa, daktari," ikasema ile sauti tamu, haraka. "Nilikuwa napita tu, nikasema nisalimie."

"Uongo!" Nyandeng akasema. "Huyu si yeye anaongea. Huyu mtoto anakufa."

"Mama, tafadhali. Acha mgonjwa ajisemee."

Akidor alisikia hiyo. Ajisemee. Akaona makasi ya bandeji iko kwa meza. Akainyakua, na Kipkemboi akaruka na kiti chake mpaka ukutani akiita askari, lakini Akidor alikuwa ameshaweka makasi chini ya kidevu, kati ya ngozi na shanga.

"Usikate!" Ilikuwa mdomo wake, lakini haikuwa yeye, na haikuwa tamu tena, ilikuwa nyembamba kama filimbi. "Usikate! Hakuna mtu amekufa! Nani atakusikiza mimi nikienda? Nani?"

Akakata.

Shanga zilimwagika kama mvua kwa bati. Zikaruka kwa meza, zikaingia chini ya kitanda, zikatoka mlangoni zikibingirika mpaka kwa miguu ya wamama. Na wamama walipoona shanga, na wakaona mwanamke amesimama shingo wazi, hawakuuliza ni nani. Mmoja akaanza kulia kilio cha matanga, wa pili akashika, wakashika wote, korido nzima ya hospitali ikalia mtu ambaye hakuna aliyemjua.

Harufu ya spiriti ilijaa chumba, kali, halafu ikapita, kama mtu amepita mlangoni akiwa na haraka.

Kipkemboi alikuwa anaangalia shingo. Hapo shanga zilikuwa zimeficha kulikuwa na uvimbe, mkubwa kama ngumi ya mtoto, umekaa kimya mbele ya koo. Aliweka kalamu chini.

"Hii imekuwa hapo tangu lini?"

Akidor aligusa uvimbe. Sauti ikatoka imekwaruza, mbaya, ya Babu Barafu.

"Tangu mvua ya mwaka jana."

"Na mbona hukusema?"

"Nilisema."

Daktari aliangalia faili, akapindua karatasi nyuma, akapindua tena. Akavuta kiti karibu, akakaa, na sasa hakushika kitu chochote kwa mkono.

"Sema tena," akasema. "Pole pole. Nasikiza."

Akasema yote.

Walichukua damu. Majibu ikachukua siku kumi na mbili: ile tezi ya shingo imelala, moto wa mwili umezima. Akapewa tembe ndogo nyeupe, ya kumeza kila asubuhi kabla ya kula, na pengine mpaka azeeke. Hoodo naye hakukaa bure. Aliita shehe akasoma juu ya friza, akachoma uunsi siku tatu mpaka maziwa ikanuka ubani na wateja wakalalamika. Friza ikanyamaza.

Mwezi wa pili Akidor alitokwa na jasho. Tone moja, kwa paji la uso, mchana. Alisimama katikati ya duka akiligusa na kidole, na Hoodo akapiga kigelegele kama kuna arusi. Sauti pia ilirudi, si yote, lakini "Barafuuu" ikafika tena stage ya lori. Shanga alizitunga upya, akaziacha ziwe legevu, ziko chini kwa kifua. Shingo iko wazi. Wamama walimuuliza nani amekufa, na yeye alisema, "Karibu iwe mimi."

Hii ni juzi tu, sasa. Adhuhuri. Hoodo amerudi kutoka kuswali, jenereta haijawashwa. Akidor anapanga soda.

"Abaayo," Hoodo akasema nyuma yake, na Akidor akageuka kwa sababu hiyo sauti ilikuwa nzito, imekwaruza kama ya mtu amekula vumbi. "Ile sweta yako uliweka wapi?"

"Sweta ya nini?"

"Sijui. Leo kuna baridi ama ni mimi?"

Akidor aliweka chupa chini. Akamwangalia uso, umefura kidogo chini ya macho. Akaangalia ile hijabu nyeusi, imefunga kutoka paji mpaka kifua, kila siku, miaka yote hiyo, na hakuna daktari angewahi kumwambia afungue.

"Mama Khadar," akasema polepole. "Hiyo baridi ilianza lini? Fungua hijabu kidogo. Nataka kuona shingo."

Hoodo alifungua mdomo kujibu.

Lakini jibu lilitoka upande ule mwingine, kwa friza, sauti ya Hoodo ya zamani, ya kicheko, safi kabisa.

"Niko sawa, abaayo. Hakuna shida."