Nyemo wa Uwanjani

Msichana aliyeumbwa kwa mwanga alikuwa akipanda treni. Alivaa gauni la manjano, nywele amezifunga kwa kitambaa, na alipoweka mguu kwenye ngazi ya behewa aligeuka nyuma akacheka, akamnyooshea mkono mwanamume mrefu mwenye koti. Mamia ya watu waliokusanyika kwenye uwanja mkuu wa Dodoma asubuhi ile walishusha pumzi kwa pamoja.

"Si niliwaambia?" alisema mama mmoja aliyebeba kikapu. "Huyo ni mume wa mtu, na wamekimbilia pwani."

Sechelela Chilongani alisimama nyuma yao. Kicheko kile alikijua tangu kilipokuwa hakina meno. Kilikuwa cha mdogo wake, Nyemo, hakika kabisa. Lakini Nyemo hakuwa na gauni la manjano, na yule mwanamume hakuwa mtu wa popote. Alikuwa amezaliwa kwenye vinywa vya watu.

Mashine iliyomzaa iliitwa Msukadhana, na ilikuwa fahari ya jiji. Mnara wake mweusi ulisimama nyuma ya jukwaa la kioo, na kila mkazi aliyevaa kidoleni peteneno, pete yenye kunasa sauti, aliweza kuinong'onezea alichokidhani: bomba lipi litapasuka, ugonjwa umeanzia mtaa gani, mwizi kajificha wapi. Msukadhana ilizipokea dhana hizo zote, ikazipima, ikazisuka kama mtu asukavyo ukili, mpaka ikapata mkeka mmoja uliokamilika. Kisha ikauonyesha uwanjani kwa mwanga na sauti. Mara nyingi ilipatia. Iliwahi kumpata mtoto aliyepotea mnadani kabla mama yake hajamaliza kulia. Kwa sababu hiyo polisi waliiunganisha na vipanga vyao, ndege wadogo wa chuma wenye macho ya kuona joto la mwili. Dhana za watu zilikoelemea, ndiko vipanga vilikopelekwa.

Na dhana za watu zilielemea pwani. Nyemo alikuwa fundi wa minara ya umande, ile minara ya nyavu inayokamua maji kutoka kwenye hewa kavu ya Dodoma. Aliondoka nyumbani asubuhi ya siku yake ya mapumziko, hakurudi. Peteneno yake iliokotwa kwenye behewa la mgahawa la treni ya mwendokasi iliyokuwa imekwisha fika Dar es Salaam. Basi jiji likapata la kusema. Wengine walisema ana mimba. Wengine walisema amejiandikisha kwa siri kwenda kufanya kazi kwenye vituo vya mwezini. Wapo waliosema dada yake alikuwa akimtesa. Kila neno liliingia mashinani, na kila siku Nyemo wa uwanjani alizidi kunawiri.

Sechelela hakusubiri onyesho limalizike. Alikata uwanja, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi, akaomba kumwona Inspekta Kiangi aliyekuwa na jalada la mdogo wake.

"Karibu, mhandisi. Kaa," alisema Inspekta. Alikuwa mtu mpole, mwenye mvi za mapema, na alionekana kuchoka. "Kama umekuja kuuliza habari mpya, vipanga vyote viko pwani. Vinapita nyumba kwa nyumba."

"Nimekuja kuiona pete."

Inspekta akasita, kisha akatoa kijisanduku cha kioo. "Ilikutwa imenata. Walikuwa wanakunywa mvinyo, ndivyo Msukadhana inavyosema. Mezani, wamefurahi, pete ikamchomoka."

"Nyemo hanywi, afande."

"Kila ndugu huniambia hivyo kuhusu ndugu yake."

Sechelela alikisogeza kijisanduku dirishani. Kati ya jiwe la pete na chuma chake palikuwa na kitu chembamba, cha zambarau, kilichokauka kama karatasi.

"Hili ni ganda la zabibu," alisema. "Mvinyo huchujwa, afande. Hauna maganda."

"Basi alikula zabibu."

"Nisikilize. Nyemo akifanya kazi huivua pete, kwa sababu sumaku za minara huipasha moto mpaka inamuunguza. Akiivua huitua popote. Mimi mwenyewe nimewahi kuiokota juu ya mkate. Na mimi ni mhandisi wa reli, najua behewa la mgahawa linavyopakiwa. Wapagazi wa chuma huleta matunda kwa makreti kutoka mashambani na kuyamwaga moja kwa moja kwenye sinia za jikoni. Pete imesafiri, afande. Hatuna ushahidi kwamba mwenyewe amesafiri."

"Siku hiyo hakuwa kazini."

"Hayo nayo tunayadhani tu."

Inspekta akainong'onezea peteneno yake dhana ya Sechelela, neno kwa neno, na jibu likatokea juu ya meza kwa herufi za kijani: uwezekano, mbili kwa mia.

"Unaona," alisema kwa upole. "Siku ya kwanza vipanga vilianza na mashamba ya zabibu, upande wa Hombolo. Pete ilipoonekana pwani, dhana zikahama, navyo vikaitwa. Siwezi kuvirudisha kwa neno la mtu mmoja. Sheria hainiruhusu."

"Mimi hainikatazi," alisema Sechelela, akainuka.

Alipitia nyumbani kuchukua maji na viatu vizito. Mama yao alikuwa sebuleni anajifunga kanga ya kutokea. Tangu Nyemo alipoonekana jukwaani, mama alikuwa akienda uwanjani kila siku, anasimama mbele kabisa, karibu na kioo.

"Mama, usiende leo. Nadhani Nyemo hakufika pwani. Nadhani yuko huku huku."

Mama aliacha kufunga kanga. "Huku huku wapi?"

"Sijui bado. Huenda amepatwa na ajali mashambani."

"Ajali." Mama alikaa kitini polepole. "Sechelela, pale uwanjani mwanangu anacheka. Ana mwanamume simjui, sawa. Ametuaibisha, sawa. Lakini ni mzima. Na wewe unataka kunitoa pale unipeleke wapi? Kwenye shimo?"

Sechelela alipiga magoti mbele yake. Alitafuta neno la kumfariji lisilokuwa la uongo, akalikosa.

"Nataka kumfuata aliko, Mama. Popote aliko."

Mama aligeuza uso. "Nenda basi," alisema. "Mimi sina nguvu ya kujua."

Stesheni, Sechelela alimkuta mwenzake wa kazi anayesimamia upakiaji, akamuuliza zabibu za behewa la mgahawa zilitoka wapi siku ile. Jibu halikuhitaji kufikiri sana, kwa kuwa msimu ulikuwa ndio kwanza unaanza. Wakulima karibu wote walikuwa hawajavuna. Zabibu za kwanza zililetwa na ushirika mmoja tu, wa akina mama wa Hombolo.

Alichukua kigari cha jua, akashika njia ya mashariki. Jua lilikuwa bado juu alipofika. Mizabibu ilipangika mistari mirefu kwenye udongo mwekundu, na katikati yake roboti za kuvunia zilitembea taratibu, zikichuma vishada kwa vidole laini kama vya mtoto. Mwenyekiti wa ushirika, Mama Malogo, mwanamke mnene mwenye sauti nzito, alikuja kumpokea.

"Mbukwenyi, mama," Sechelela alimsalimu kwa Kigogo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sura yako naijua." Mama Malogo akamkazia macho. "Wewe ni ndugu wa yule msichana wa treni."

"Ni mdogo wangu. Alifika hapa?"

"Alifika." Mama Malogo alilitamka neno hilo bila wasiwasi wowote. "Alitukuta tunapakia. Wiki moja kabla tulikuwa tumemwambia maji yetu yananuka kutu, naye akaahidi kuja kuangalia siku atakayopata nafasi. Akaja. Akavua pete yake, akaitua pale kwenye makreti, akauliza maji yanatoka wapi. Tukamwonyesha mnara wa zamani, ule kule kilimani."

Sechelela aligeuka kutazama kilima. "Akarudi?"

"Hatukumwona tena. Tulikuwa na kazi."

"Mama Malogo, mbona hamkumwambia mtu?"

"Tulitaka kusema," alisema Mama Malogo, sauti imeshuka. "Siku ya pili tukamwona uwanjani anapanda treni. Tukajiuliza, kumbe alishuka mlimani kwa njia nyingine, akaenda zake? Mwenzangu mmoja akasema alikuja kutuaga. Mwingine akakumbuka kwamba alikuwa na haraka. Basi nami nikakumbuka hivyo hivyo, kwamba alikuwa na haraka, anatazama njia kama mtu anayesubiriwa. Tukainong'onezea mashine tulivyokumbuka." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Lakini hakuwa na haraka yoyote. Alikaa hapa akanywa uji pamoja nasi."

"Maji yenu yakoje sasa?"

"Bado yananuka. Na siku hizi bomba linagonga. Tumesema ni upepo umeingia."

Sechelela alilikimbilia bomba lililotokeza ardhini kando ya banda, akapiga magoti, akaliwekea sikio. Kwa muda hakusikia ila mwendo wa damu yake mwenyewe. Kisha, mbali sana, chuma kiligonga chuma. Kikanyamaza. Kikagonga tena.

Akaokota jiwe akajibu. Kule upande wa pili kugonga kukawa kwa haraka, kwa fujo, kama kwa mtu ambaye hakutarajia kujibiwa.

Walipanda kilima wakikimbia, Sechelela mbele, akina mama nyuma yake na mitaimbo. Mnara ulikuwa mkongwe, nyavu zake zimechanika, na chini yake palikuwa na tangi lililochimbiwa ardhini. Kifuniko chake kizito cha chuma kilionekana kimeanguka na kujifunga chenyewe, kikajibana na kukaza kwenye kingo zake zenye kutu. Walileta roboti ya kuvunia ikakishika, lakini vidole vilivyotengenezwa ili visiumize zabibu havikuweza kitu. Wakaiweka kando. Wanawake sita wakaingiza mitaimbo, wakaelemea kwa uzito wao wote, wakapumzika, wakaelemea tena, hadi kifuniko kikalia na kuachia.

Mwanga wa jua uliingia tangini ukamkuta Nyemo amekaa kwenye maji ya kiunoni, mgongo ukutani, spana mkononi. Ngazi ya chuma ilikuwa imekatika chini yake na kumwangukia, na mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa chini ya chuma hicho. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alifunika macho kwa kiganja.

"Dada," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Taratibu na huo mguu."

Sechelela aliteremka kwa kamba, akamkumbatia palepale majini.

Madaktari hawakuweza kuuokoa mguu. Waliukata chini ya goti, wakaeleza kwamba kama angeletwa mapema, siku za mwanzo, ungepona. Mama alifika hospitalini akiwa ameshikwa mkono na jirani. Alisimama kando ya kitanda, akamgusa Nyemo shavu, paji la uso, bega lililobaki mifupa, kama mtu anayehakikisha.

"Yule alikuwa amenenepa," alinong'ona.

"Nani, Mama?" aliuliza Nyemo.

Mama alimwinamia akalia, na safari hii hakuondoka mpaka alipoambiwa na wauguzi.

Huko uwanjani Msukadhana haikupumzika. Mkeka wa zamani ulifumuliwa ukasukwa mpya: sasa msichana wa mwanga alishuka tangini kwa hiari yake, amebeba chakula, akajifungia ili jina lake livume. Watu walitazama na kutikisa vichwa.

Inspekta Kiangi alikuja wodini asubuhi moja, kofia ameishika mkononi. Sechelela alimpa kiti lakini hakumchangamkia.

"Nina swali moja tu," Inspekta alimwambia Nyemo, "na unaweza kukataa kulijibu. Ulipokuwa mle ndani, ulisikia chochote kutoka nje?"

"Nilisikia vipanga," alisema Nyemo. "Siku ya kwanza. Nilisikia vinakuja kutoka mbali, nikaanza kugonga. Kimoja kilishuka mpaka nikaona kivuli chake kwenye ufa wa kifuniko. Nikajua nimepona. Halafu vyote vikageuka, vikaenda zao."

Inspekta alisogeza kiti karibu na kitanda.

"Ukafikiri nini?"

"Mwanzoni nililia. Baadaye nikajiambia, vipanga haviachi mtu bure. Lazima yupo mwingine aliyepotea, na yuko kwenye hatari kuliko mimi. Wakimpata huyo watanirudia. Hilo ndilo lililonitia moyo, siku zote zile. Alipatikana?"

Inspekta alitazama kofia yake.

"Hakukuwa na mwingine," alisema. "Vilikwenda kukutafuta wewe."

Nyemo alimtazama yeye, kisha dada yake, kisha tena yeye, mpaka maana ilipomfikia. Hakulia. Aligeukia dirishani akakaa hivyo, mkono wake umemshika Sechelela.

"Afande," alisema Sechelela, "baraza la jiji linakaa wiki hii. Haya uliyoyasikia utayasema mbele yao?"

"Nitayasema. Nitawaomba wavitenge vipanga na ile mashine. Lakini watataka kusikia kwa mwenyewe, na mwenyewe bado hawezi kutembea. Labda tungeipa Msukadhana maneno yake, imwonyeshe..."

"Hapana," alisema Nyemo. Alikuwa ameacha kutazama dirisha. "Nitakwenda mimi."

"Mwanangu, utakwendaje?" aliuliza mama yake kutoka mlangoni, alipokuwa ameingia na chupa ya uji bila wao kumwona. "Kidonda hata hakijafunga."

"Mtanibeba," alisema Nyemo.

Mama aliweka chupa mezani, akamtazama binti yake mkubwa, kisha akaanza kukunja mikono ya gauni lake.

"Haya," alisema. "Sechelela, wewe utashika huku. Mimi nitashika huku."