Jina la Pili Kwenye Kifurushi

Walikutana kwenye duka la vifaa vya kompyuta, mwisho wa mwezi, watu wamebanana kaunta nzima. Kitinda, ndivyo walivyomwita kwao kwa kuwa ndiye mziwanda, alikuwa ameishika diski ya mwisho dukani. Kijana mmoja mrefu akamwinamia, shati la kitani limenyooka kwa pasi, mkono wa kulia umezama mfukoni.

"Dada, ukiichukua hiyo, kuna bibi harusi hataiona harusi yake."

"Na nisipoichukua?"

"Nakununulia kahawa."

"Kahawa moja kwa diski nzima, kaka?"

"Mbili basi. Na keki."

Kitinda akacheka, akamwachia. Tangu hapo alimwita Bwana Kamera, maana kazi yake ilikuwa kupiga video za harusi. Alimpenda mzimamzima, hata ule mkono wa mfukoni, aliodhani ni maringo.

Ila Kitinda alikuwa na kitu kilichomfunga. Mtandaoni kuna ghala kubwa la programu huria ambazo yeyote huchukua bure, na kila programu humo, iliyofungwa kama kifurushi, ina jina la mtu anayeitunza. Kitinda alitunza kimoja, cha kutuliza video zilizotikisika. Mwalimu wake alimwachia akisema, "Kishikilie kidogo tu, mwanangu," kisha akaenda zake kufuga kuku na simu hapokei. Miaka ikapita. Kila programu ambayo chake kiliitegemea ikibadilika, chake kinavunjika na simu inalia. Wenye hasira waliandika kila siku. Wenye shukrani hawakuandika kamwe. Angekiacha, kingekufa, kwani ghala lilifuta vifurushi visivyo na mtunzaji kila toleo lake jipya lilipotoka.

"Wanakulipa?" dada yake alimuuliza jikoni, akimenya vitunguu.

"Hawanilipi."

"Basi hicho ni kifungo, tena cha kujipeleka mwenyewe. Na huyo mwanamume umemwambia?"

Hakuwa amemwambia. Siku ile ya kahawa Bwana Kamera alijigamba, "Video zangu hazitikisiki. Mkono huu ni nondo! Wengine hao wanabebwa na kompyuta." Sasa Kitinda angeanzaje kusema kwamba ndiye anayewabeba hao wengine?

"Mficha uchi hazai, mdogo wangu," dada yake akamwonya.

Jumamosi mkahawani, Kitinda amevaa gauni la kijani aliloshonewa na dada yake, simu ikatetemeka tena mezani.

"Nani huyo?" Bwana Kamera akauliza.

"Mtu tu. Kuna kitu kimeharibika."

"Kila tukikaa, kuna mtu. Laazizi, kama nina mwenzangu, niambie nijue moja."

Kitinda akatazama kikombe. Bwana Kamera akanyanyuka, akaondoka, na simu za Kitinda hakupokea tena. Kitinda akaketi mbele ya kompyuta, akafuta jina lake kwenye kifurushi, kwa hasira na machozi, akidhani akiwa huru mpenzi wake atarudi. Hakurudi. Toleo jipya likatoka, kifurushi hakimo.

Alasiri moja simu ikalia. Alikuwa Bwana Kamera.

"Nisikilize tu, tafadhali. Nimesasisha kompyuta, programu yangu imepotea, na harusi ya watu inatakiwa kesho. Sina mwingine wa kumwomba."

"Programu gani?"

Akashusha sauti. "Ya kutuliza video."

Studio yake ilikuwa chumba chembamba juu ya duka la fundi cherehani. Kwenye skrini bibi harusi aliyumba huku na huku, keki nayo ikiyumba. Bwana Kamera akautoa mkono mfukoni, akauweka mezani. Ulikuwa unatetemeka.

"Nondo," Kitinda akasema taratibu.

"Daktari anasema ugonjwa huu hauui wala hauponi. Wateja wakijua, nimekwisha. Ile programu ndiyo inayonilisha, na sijui ni mwendawazimu gani ameitelekeza."

"Ni mimi."

Akamweleza yote: mwalimu, ghala, simu za kila siku. "Huyo mwenzako uliyemwonea wivu ni kifurushi. Nikakiacha kwa ajili yako."

Bwana Kamera alicheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta macho. "Nisamehe, kipenzi."

Kitinda akamwekea toleo la zamani, na bibi harusi akatulia. Kisha akafungua ukurasa wa ghala ili akirudishe kifurushi. Ghala likauliza jina la mtunzaji. Vidole vyake vikagoma. Aliiona miaka mingine yote humo ndani, peke yake.

"Lazima liwe jina moja?" Bwana Kamera akauliza.

"Hata mawili."

"Basi niandike."

"Wewe unajua programu?"

"Najua kutikisika! Kila toleo utataka video za kulijaribu. Ninazo za maisha. Na wenye hasira nitawajibu mimi."

"Watu watajua kwa nini umo."

"Nimechoka kuishi na mkono mfukoni. Nataka kukaa na wewe, mpenzi, popote ulipofungwa. Unanikubali?"

"Nakuonya, humu hamtokeki."

"Nani amekwambia nataka kutoka?"

Bwana Kamera akaliandika jina lake mwenyewe chini ya la Kitinda, kwa mkono uleule, akikosea, akifuta, akianza tena. Kitinda hakumsaidia, alilia tu, akitabasamu.

Haikupita muda simu ikatetemeka. Mtu mwenye hasira alitaka kujua kifurushi kilikwenda wapi. Kitinda akaisukuma simu upande wa pili wa meza.

"Nimjibu nini?" Bwana Kamera akauliza.

"Mwambie tupo."