Mahali Alipopiga Magoti Bi Shifaa

Punda aliyebeba mashine ya Musab alisimama katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, pale kuta mbili zinapokaribia kusalimiana, akakataa kwenda mbele wala nyuma. Watu wa sokoni walijipanga hadi foleni ikafika pwani, na nilivyosikia, wale wa mwisho walisimama maji yakiwa magotini. Sikuwapo, lakini naamini.

Mbele ya foleni alikuwa Raihana binti Jamaludin wa mtaa wa Mkomani, buibui la hariri, mtandio wa zambarau, harufu ya asumini ikimtangulia.

"Bwana, nipishe ndia."

"Muombe punda, Bi. Mimi mwenyewe ameninyima."

"Na mzigo huo ni wa nini? Injini ya boti?"

"Mashine ya kuoshea mazulia."

"Hata ya sufu? Kwa brashi hiyo? Utayanyoa."

"Niletee lako. Likipungukiwa unyoya mmoja, ninyoe mimi."

Raihana alicheka ndani ya mtandio. Musab, mtoto wa wavuvi wa Kizingitini kwenye kisiwa jirani, alisahau kwamba ana punda.

Alifungua karakana yake mtaa wa Wiyoni. Raihana akaja na shangazi yake, Bi Esha, wamebeba zulia dogo la sebuleni. Musab aliwaonyesha anavyofanya: maji baridi, maana ya moto huifanya sufu ikashikana, sabuni kidogo, brashi laini inayozunguka polepole, ikifuata manyoya yanakolalia, kisha maji yanafyonzwa, zulia linatandazwa kivulini. Lilirudi laini kama paka wa tajiri. Baada ya hapo simu zikaanza. Raihana alimcheka lahaja yake ya Kizingitini, naye akamwita "mkaguzi wangu". Haukupita muda mrefu wakakubaliana kwamba Idi ikipita, wazee wa Musab watakuja kuposa.

Zulia moja tu Raihana hakulipeleka. Lilikuwa la marehemu mama yake, Bi Shifaa, limetandikwa chumba cha juu. Maisha yake yote ya ndoa mama yule alisali mahali pamoja, mpaka sufu ikalala na kuacha mabonde mawili madogo ya magoti. Raihana kila akimaliza kusali aliweka viganja vyake humo. Kaburi liko mbali na mwanamke haendi kila siku; mabonde yale yalikuwa nyumbani.

Siku Raihana alipokwenda Faza kumwangalia binamu yake aliyejifungua, babake, Bwana Jamaludin, alifika Wiyoni na hamali, zulia begani. Paka alikuwa amelikojolea, alitaka litoharishwe. Musab alilijua hata kabla halijakunjuliwa, kwa jinsi Raihana alivyomsimulia simuni. Akamwambia mzee asiwe na wasiwasi, atalimiminia maji safi mpaka litoharike, na yale mabonde hatayagusa.

Mzee aliipindapinda kofia yake.

"Yainue," akasema.

"Bwana?"

"Nikisimama kusali nyuma ya magoti yale, sifiki rakaa ya pili. Yainue, mwanangu. Na Raihana asijue. Mimi ndiye ninayemwambia kila siku awe na subira."

Machozi yalimshuka mzee mbele ya kijana aliyekuwa akijiandaa kumwomba binti. Musab akampa neno lake. Kazi ile hakuitia mashine. Aliifanya kwa kitambaa chenye unyevu na vidole, unyoya kwa unyoya, mpaka sufu ikasimama. Hakuna mkono wa mtu uliowahi kufanya kazi nzuri namna ile, na hakuna aliyewahi kuichukia kazi yake kama yeye.

Raihana aliporudi, alipanda chumba cha juu kabla hajavua buibui. Kisha akapiga simu.

"Musab, uliliosha zulia la mamangu?"

"Nililiosha."

"Uliyaona mabonde?"

"Niliyaona."

"Na bado ukayafuta. Sema kuna aliyekutuma. Sema hata uongo, nitaukubali."

"Ni mikono yangu, Raihana."

"Ungelichana, ningekusamehe. Umelifanya jipya."

Simu ikakatika, na zilizofuata hazikupokewa. Bi Esha akapeleka habari kwamba wazee wa Kizingitini wasijisumbue. Musab akafunga karakana, arudi kwao. Kizingitini watu hutandika mikeka. Labda mashine ile angeoshea kamba wa wavuvi.

Bwana Jamaludin aliyasikia barazani, kahawa ikiwa mkononi: yule kijana wa mazulia anaondoka, ameachwa kwa sababu ya zulia. Kahawa hakuimaliza. Alirudi nyumbani, akamkuta bintiye anapakua wali, akamwambia yote akiwa amesimama, kama mtu anayekiri mbele ya kadhi. Raihana alifunika sufuria. Baba na binti walilia pamoja, jambo ambalo tangu siku ya mazishi kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake.

Kisha Raihana akachukua simu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Halikuwa langu."

"Ningekuacha kweli, Musab."

"Najua."

"Na ungeniacha niende hivihivi?"

"Ningekulilia Kizingitini mpaka wakanihamisha kisiwa. Lakini babako angeweza kukutazama machoni."



"Mashine iko wapi?"

"Gatini. Inapakiwa."

"Iteremshe." Sauti ikapungua. "Ijumaa njoo na wazee wako. Na babangu usimletee maneno mengi. Kaa naye tu."

Ijumaa walikuja, kanzu zimepigwa pasi. Wazee walizungumza yao, wakakubaliana, wakatoka kwenda kusali Alasiri. Musab na Bwana Jamaludin walibaki nyuma kidogo sebuleni, bega kwa bega, bila neno. Ndani, nyuma ya pazia, Raihana aliusikiliza ukimya ule hadi alipotosheka nao, ndipo akamwambia Bi Esha wakachague nguo ya harusi.