Mgomo wa Chupa Mbili

"Maji yangu nitayabeba mwenyewe," alisema mshonaji.

"Humu hakuna anayebeba maji yake," alisema mwongozaji, mwanamke mrefu aliyechomwa na jua mpaka nyusi. "Unabeba ya mwenzako, naye anabeba yako. Ndivyo tunavyotoka wote korongoni. Nimeshawapanga wawili wawili."

Mshonaji akamtazama aliyepangiwa. Fundi mashine. Wafanyakazi kumi na wanane wa kiwanda cha nguo wameletwa jangwani na meneja wao eti kujenga umoja, na yeye kapewa huyo huyo.

Kiwandani mshonaji huyu walimwita Spika, maana sauti yake ilizishinda cherehani mia. Miaka mitatu nyuma, maji ya kunywa yalikuwa dakika mbili kwa siku, kisha bomba linafungwa kwa kufuli. Spika akaitisha mgomo. Siku tisa, kufuli likatoka. Lakini siku ya tatu fundi mashine, mchumba wake, alirudi kazini kupitia mlango wa nyuma. Siku hiyo hiyo Spika akavua pete. Mpaka leo anakumbuka shati alilovaa fundi, la mistari, kifungo cha pili hakipo.

Na jana fundi kamwandikia: "Nimepata kazi kiwanda cha kaskazini. Kesho tukitoka korongoni nijibu kitu kimoja tu, nibaki au niende. Ukinyamaza, Jumatatu nahama."

Spika hakujibu. Ila ujumbe hakuufuta.

"Haya, shika yangu, nishike yako," fundi akasema.

"Shika. Lakini jua sitakuomba."

"Jamani," akadakia mpishi wa kantini, "huyu kiburi kitamkausha kama ngozi ya ngoma."

Wakashuka kwa kamba, mita kumi na mbili za ukuta mwekundu. Chini kulikuwa na ufa unaopitika kwa ubavu, na meneja akakwama tumbo.

"Nivuteni basi."

"Toa pumzi, bosi," mpishi akamwambia. "Si wewe uliyetufundisha kubana matumizi? Bana."

Saa sita jua lilisimama utosini, mchanga ukachoma mpaka ndani ya viatu. Wenzao walibadilishana chupa huku wakicheka. Ulimi wa Spika ulishaganda mdomoni. Fundi akamnyooshea chupa aliyombebea.

"Kunywa."

"Sinywi mkononi mwa msaliti."

"Miaka mitatu wimbo ni huo huo."

"Na miaka mitatu unakunywa bomba usiloligomea. Koo halikuwashi?"

Fundi akairudisha chupa mkobani. Wakaparamia ngazi ya chuma iliyopigiliwa mwambani. Walipofika kwenye kijukwaa cha jiwe, Spika akageuka. Midomo ya fundi ilikuwa imepasuka, myeupe kama iliyopakwa unga. Chupa ya fundi, aliyoibeba Spika, ilikuwa bado imejaa.

"Wewe mbona hujaniomba maji yako?"

"Nimegoma."

"Umefanya nini?"

"Usipokunywa, sinywi. Na safari hii sivunji."

Kicheko kilimtoka Spika kwa nguvu, kikamkwaruza koo. Akakaa kwenye kivuli chembamba cha mwamba.

"Usinichekeshe. Niambie siku ya tatu. Na usiniletee tena kodi ya nyumba, wala mjomba aliyekulazimisha."

Fundi akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Niliogopa."

"Halafu?"

"Basi. Niliona walinzi wa lango wanaandika majina, miguu ikanipeleka mlango wa nyuma. Kodi nilikuwa nimeshalipa. Mjomba wa watu hakujua lolote. Kila nikifungua lile bomba nainamisha macho."

Kwa kila kisingizio chake Spika alikuwa na jibu, amelinoa miaka mitatu. Lakini hiki hakikuwa kisingizio. Na kumbukumbu yake, ile isiyosahau kifungo cha shati, ikamletea jambo ambalo yeye mwenyewe alilifukia.

"Siku ya tano," akasema taratibu, "nilivaa sare ya kazi. Nilifika mpaka kona ya kituo cha basi."

Fundi akainua macho. "Nini kilikurudisha?"

"Huyu mpishi. Alikuwa pale na birika la chai ya wagomaji, akadhani nimekuja kumpokea mzigo."

"Nani alidhani?" mpishi akasema nyuma yao, akiwa bado anahema kwa ngazi. "Niliiona sare, mwanangu. Nikakupa birika ulishike. Mtu mwenye chai ya moto mikononi hafiki mbali."

Spika akamsogezea mpishi nafasi kivulini. Kisha akanyoosha mkono kwa fundi.

"Nipe maji."

"Sema tafadhali."

"Usinipande kichwani."

Wakanywa kwa pamoja, wakamaliza kwa pamoja.

Saa tisa walitokeza juu ya korongo. Mtandao ukarudi, simu zikaanza kulia kama vifaranga. Spika akaandika kwenye yake; fundi akafungua yake, akasoma:

"Baki. Ila mgomo ujao unakaa mstari wa mbele, na birika utabeba wewe."

"Uko hatua mbili kutoka hapa, unanitumia ujumbe?"

"Si uliuliza kwa ujumbe?"

Miezi minne baadaye, harusini, meneja alisimama na hotuba ya karatasi sita kuhusu umoja alioujenga yeye jangwani. Akasafisha koo. Maharusi walikuwa na chupa mbili za maji, kila mmoja ameshika ya mwenzake.

"Dakika mbili, bosi," akasema bibi harusi. "Halafu tunafunga kwa kufuli."