Msimamizi Aliyevaa Utepe

Kila asubuhi Kadogo alifika shuleni na dumu la maji kichwani. Hakuwa peke yake. Tangu tangi la shule lipasuke, kila mwanafunzi alitakiwa kuja na maji ya kupigia deki na ya chooni. Waliosahau walirudishwa nyumbani, na waliokumbuka waliingia darasani na kola zilizolowa.

Kadogo alikuwa darasa la sita. Jina hilo alipewa kwa sababu ya umbo lake, lakini kwa wenzake alikuwa mtu mzito. Wakigombania kitu, walisema, "Mwiteni Kadogo agawe." Akigawa, hata aliyepata kipande chembamba hakunung'unika.

Ndiyo maana mwalimu wa Hisabati alimteua kuwa msimamizi wa uchaguzi wa kiranja mkuu. Miaka yote mkuu wa shule alimchagua kiranja mwenyewe. Safari hii mwalimu wa Hisabati alimbembeleza hadi akakubali wanafunzi wapige kura. Tena kiranja huyo angeingia kwenye kikao cha wazazi, awaambie kwa kinywa chake habari ya tangi.

"Nawajaribu," mkuu wa shule alisema. "Mkinivurugia shule, basi tena."

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni Chiriku, msichana mwenye maneno mengi, rafiki wa Kadogo tangu chekechea. Wa pili ni Goti, mchezaji wa mpira ambaye magoti yake hayakukosa kidonda.

Mwalimu wa Hisabati alimwita Kadogo ofisini.

"Sikukatazi kumpenda rafiki yako," alimwambia. "Siku ikifika, mpigie umtakaye. Lakini mpaka matokeo yatoke, usimshabikie mtu mbele ya watu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Alielewa kweli, mpaka siku ya kampeni. Chiriku alikuja na mfuko wa tepe za kijani alizokatiwa na shangazi yake, fundi cherehani. Aliwafunga wenzake mikononi, kisha akamgeukia Kadogo.

"Leta mkono."

"Mimi ni msimamizi, Chiriku."

"Kwani utepe ndio utakaohesabu kura? Si wewe? Na wewe kuiba huwezi. Watu wakiona hata rafiki yangu kanikimbia, watasemaje?"

Kadogo alicheka. Akanyoosha mkono. Wimbo wa kampeni ulipokolea alipanda juu ya benchi, akaimba na kukata mauno mpaka jasho likamtoka. Kutoka upande wa pili mtu akapaza sauti, "Jamani, refa kavaa jezi!" Uwanja mzima uliangua kicheko, na Kadogo akacheka pamoja nao. Moyoni alijiambia, "Mimi najijua. Moyo wangu ni safi."

Siku ya kura aliuacha utepe nyumbani. Alisimama kando ya sanduku tangu asubuhi, akihakikisha kila mtu anatumbukiza karatasi moja. Jioni walihesabu darasani, yeye na wasaidizi wawili, huku wengine wakichungulia dirishani. Karatasi moja ilikuwa na alama katikati ya majina mawili, na pembeni mtu alichora ndege mdogo, chiriku. Kadogo alijua fika aliyeichora alimtaka Chiriku. Hata hivyo aliiweka kwenye zilizoharibika. Sheria ni sheria.

Chiriku alishinda kwa kura chache.

Kadogo alipotangaza, nusu ya uwanja ilishangilia na nusu ilinyamaza. Kisha mtu akasema, "Tulijua tu." Maneno hayo yakaenea kama moto kwenye nyasi kavu. Mwalimu wa Hisabati akazihesabu kura upya, moja moja, mbele ya wote. Jibu likawa lile lile.

"Hesabu hatuna shida nayo, mwalimu," alisema kijana mmoja wa darasa la saba. "Lakini karatasi zimeshapita mikononi mwake."

Kadogo akaeleza habari ya karatasi yenye ndege. Wakamzomea. "Na za Goti umeharibu ngapi?"

Asubuhi iliyofuata, wa upande huu waliwanyima wa upande ule maji ya kunawa. Matusi yakaja, ngumi zikafuata. Mtoto wa darasa la pili, ambaye hata kura hakupiga, alisukumwa akaangukia ngazi. Meno mawili ya mbele yakang'oka, akabaki ameduwaa, kiganja kimejaa damu.

Mkuu wa shule hakupiga kelele. Alifuta uchaguzi kwa sentensi moja, akarudi ofisini.

Goti alimkuta Kadogo nyuma ya darasa.

"Niambie kweli. Nilishindwa?"

"Ulishindwa, Goti. Haki ya Mungu."

Goti alitazama chini. "Angeniambia mtu mwingine yeyote, ningemwamini," alisema, akaondoka zake.

Chiriku naye hakuwa na maneno mengi siku hiyo. "Nilishinda kweli," alimwambia Kadogo, "na hakuna nitakayeweza kumthibitishia." Tangu hapo akahamia dawati lingine.

Kadogo alimwendea mwalimu wa Hisabati huku machozi yakimtoka. "Mwalimu, sikuiba hata kura moja."

"Najua."

"Basi waambie!"

"Nimewaambia. Wanasema nakutetea kwa kuwa mimi ndiye niliyekuteua." Mwalimu alivua miwani, akaishika tu mkononi. "Sikiliza, mwanangu. Msimamizi wa uchaguzi lazima awe mwaminifu, lakini hilo halitoshi. Lazima aliyeshindwa naye aweze kumwamini. Moyo wako hakuna aliyeuona. Utepe kila mtu aliuona. Imani ya watu ni kama yai. Likivunjika, hata aliyelivunja kwa bahati mbaya hawezi kuliunga."

"Nikiomba radhi?"

"Omba. Ni wajibu wako. Lakini usitegemee kwamba itarudisha kitu."

Kadogo aliomba radhi mbele ya shule nzima. Wengine walitazama pembeni. Hakuna aliyemzomea, na hakuna aliyemjibu.

Wiki hiyo hiyo mkuu wa shule aliteua kiranja mkuu, mvulana mpole ambaye hakuwahi kugombea. Ugomvi ukaisha, masomo yakaendelea. Katika kikao cha wazazi kiranja huyo aliketi nyuma kimya, kwa kuwa hakuambiwa aseme, na habari ya tangi haikutajwa. Asubuhi madumu yaliendelea kuja vichwani kama kawaida.

Gwarideni mkuu wa shule alimwita kiranja mpya mbele. "Kuanzia sasa na miaka ijayo, uteuzi ni kazi yangu," alisema. "Mpigieni makofi."

Wakapiga.