Wanawake Watano Wanaochagua Kofia

Jumatano, saa moja asubuhi, Agneta alifungua duka lake la kofia sokoni Kibuye, akapiga nduru.

Mchoro uliokuwa ukutani ulionyesha wanawake watano maridadi wakichagua kofia. Ulikuwa wa madoadoa ya rangi: ukisogea karibu huoni uso, ukirudi nyuma wanakutazama. Sasa walikuwa wanne. Wa tano alikuwa ametoweka, kofia yake ikabaki ikielea bila kichwa.

Alhamisi akatoweka mwingine. Ijumaa, mwingine tena.

"Ni Naeema!" Agneta akalitangazia soko. "Ufunguo mwingine anao yeye. Mchawi, ametuma jini!"

Watu wakaokota mawe. Naeema, msaidizi wake, akakimbilia kituo cha polisi, akagoma kutoka.

Sajenti Debra Naswa alifika akitafuna mahindi choma. "Jini anakula wanawake na kuacha kofia? Mama, huyo ameona bei zako."

Akamhoji Becky, mshindani wa Agneta.

"Mimi? Tangu Jumanne niko matangani Awasi. Nimerudi saa hii."

Waombolezaji wakathibitisha.

Kibanda kilichopakana na duka la Agneta kilikuwa cha Laban, mchoraji wa mabango, aliyeuchora mchoro wenyewe. Bati moja tu liliwatenganisha. Debra akamwomba awachore upya waliotoweka jioni hiyo ya Ijumaa.

"Pole, afande. Jua likitua ni Sabato. Sigusi brashi mpaka kesho magharibi."

Jumamosi asubuhi wanawake walikuwa wawili, vilevile. Jumapili alibaki mmoja.

Debra akamwita Laban mbele ya watu. "Baba, jini gani hupumzika Ijumaa usiku?"

Akalisukuma lile bati. Likafunguka kama mlango.

Laban akainamisha kichwa. "Wote watano ni Akello, marehemu mke wangu. Niliuza mchoro nikidhani ataheshimiwa. Kila siku nasikia wateja wakicheka pua yake. Nikaona nimwondoe polepole kwa brashi."

"Na Naeema apigwe mawe?"

"Nilidhani watachoka."

"Wenye mawe hawachoki, Baba. Twende."

Agneta akampigia Naeema simu arudi kazini.

"Mama," Naeema akajibu, "uchawi wangu uliutangaza sokoni, si kwa simu."

Agneta akapanda juu ya meza ya kofia.

"Naeema si mchawi! Nilimsingizia, mimi Agneta!"

"Rudia!" mtu akapaza sauti kutoka upande wa nyanya. "Huku hatujasikia!"

Akarudia.