Uji Usio na Chumvi

Jua lilikuwa linazama mpishi wa nyumba ya wazee alipoingia wodini na chaki yake, kama kila jioni, kuandika ubaoni chakula cha kesho cha wazee wake kumi. Kila kitanda na mstari wake. Cha kwanza, maharage na mboga za majani. Cha nne, ndizi ipondwe, meno yamekwisha. Cha tisa, yai, mchicha, chungwa. Kitanda cha tisa kilikuwa cha mama yake mzazi, na hapo mwandiko ulikuwa mzuri zaidi.

"Wa tisa anapendelewa," muuguzi alimtania, huku akipasha kijiko viganjani kisije kikamshtua mgonjwa mdomoni.

"Alinitafunia chakula nikiwa sina meno. Sasa zamu yangu."

Akahesabu mistari. Ilikuwa kumi na mmoja.

*Uji. Bila chumvi. Mlango wa nyuma.*

Alidhani ni mlinzi wa usiku aliyeuandika, tumbo linamsumbua. Hakuwa mtu wa kumlaza mwenzake na njaa. Kesho yake alipika, akaliacha bakuli kwenye kigoda nje ya jikoni.

Alipolirudia lilikuwa tupu. Kavu. Na lilinuka... udongo uliochimbwa sasa hivi.

Jioni hiyo mistari ilikuwa kumi tena. Ila kwenye kitanda cha nne, ndizi ilikuwa imefutwa.

*Uji. Bila chumvi.*

Daktari ameagiza, alijiambia, presha hiyo. Akapika. Mzee wa kitanda cha nne, aliyezoea kumwekea jirani nusu ya ndizi yake, alimaliza bakuli lote bila kuinua kichwa. Akaomba jingine. Na jingine. Siku ya tatu kitanda chake kilitandikwa shuka jipya.

Kisha ubaoni uji ukaandikwa kwa kitanda cha sita. Mpishi akaupika huo nao, lakini safari hii akamwuliza muuguzi kama ni agizo la daktari.

"Daktari hajakanyaga hapa mwezi mzima," muuguzi alinong'ona. "Na huo si mwandiko wako, dada?"

Ulikuwa wake.

Alikimbilia kitanda cha sita. Uji ulikuwa umeshaisha. Bibi wa kitanda hicho alimshika mkono kwa vidole vya baridi.

"Walio hai wanakula chumvi, mwanangu. Wewe uliwapakulia wale wengine. Kwa moyo mweupe, najua. Lakini sasa wanaijua njia ya jikoni."

"Niwafukuzeje, bibi?"

"Ningekuwa najua, ningeula huu uji?" Bibi alicheka kidogo, kisha akamfunika mpishi mkono kwa kona ya blanketi lake, kama vile mpishi ndiye anayesikia baridi.

Bibi naye akaenda.

Jioni ya mazishi mpishi aliandika mstari wa mama yake kwa herufi kubwa. Yai. Mchicha. Chungwa. Chumvi. Akavuta kiti, akakesha akiulinda ubao mpaka kukapambazuka. Hakusinzia. Hakuna aliyeusogelea. Kulipokucha herufi zilikuwa pale pale, akalia kwa furaha.

Alipika mwenyewe. Alitia chumvi kwa mkono wake, akaonja. Ilikolea vizuri. Akapanda kitandani kwa mama yake na kumlisha kijiko cha kwanza.

Mama alitafuna polepole. Akasita.

"Mwanangu... umesahau chumvi."

Mpishi alionja tena. Chumvi ilimwasha ulimi. Akaongeza chumvi, kijiko kizima, akakoroga, akalisha.

"Haina," mama alisema kwa upole.

Ndipo mpishi alipoiangalia mikono yake. Alikuwa ameinawa kabla ya kupika, akaifuta kwa kitambaa. Vidole vyote vitano vya kulia vilikuwa vyeupe kwa vumbi jipya la chaki.

Hakugeuka kuuangalia ubao. Harufu ya udongo ilikuwa imeshaingia chumbani.

"Usilie," mama alisema, akimpangusa shavu. "Nitakula hivyo hivyo. Si umepika wewe?"

Akafungua mdomo, akangoja kijiko.